Ukuta Uliopata Moto Baada ya Magharibi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikusimulie kisa cha ukuta. Wiki iliyopita mpangaji mwenzangu hapa Kismayu alinivuta mkono mpaka chumbani kwake, akakibandika kiganja changu kwenye ukuta wa nyuma. Jua lilikuwa limeshazama, ukuta ungali wa moto. Akaninong'oneza kwamba wale wa nyumba ya nyuma wana jiko la siri, wanampikia ukutani makusudi. Nikataka kucheka, lakini nikaikumbuka Koyama, kisiwa tulikokulia, na msimu ule sisi wenyewe tulipoacha kumwamini jirani.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya mawe ya matumbawe, kuta nene hata mtoto aliweza kulala dirishani asianguke. Paa lilikuwa la makuti, nayo yalishuka mbele ya ukuta pande zote, chini sana, watu wazima wakiinama kuingia. Chini ya kivuli kile cha upenu ndiko tulikoparia samaki na kusukia ukili. Kati ya kichwa cha ukuta na makuti palikuwa na mwanya. Ukiwa umesimama huuoni. Ukilala chali unaona ukanda mwembamba wa mbingu, na harufu ya papa mkavu inapita juu yako ikielekea kwa watu wengine.

Kisha mjomba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kismayu, akatuletea mabati. Mama alikuwa mjamzito, na mwaka mmoja kabla alikuwa amezika mtoto, kwa hiyo mjomba alitaka huyu azaliwe chini ya paa lisilovuja. Aliyakata mabati yakaishia pale pale ukuta unapoishia. "Yamenyooka kama ndevu za bwana harusi," alijisifu, na kweli yalipendeza.

Mama akajifungua mtoto wa kiume, akaingia arobaini yake ndani. Bibi hakuogopa mvua wala homa. Aliogopa jicho. Alichukua matambara akaziba ule mwanya wote wa juu, kwa sababu, alisema, pasipoonekana ndipo jicho hupitia. Na jicho alilolihofia zaidi lilikuwa la jirani wa upande wa magharibi, mwanamke asiyejaliwa mtoto, ambaye siku ya kwanza alimtazama kichanga kwa muda mrefu na hakusema mashaallah.

Haukupita muda mtoto akatoka harara mwili mzima. Kuanzia alasiri alilia, na titi akilikataa. Mama naye akawa analia kimyakimya, maana yule wa kwanza alianza hivyo hivyo. Jioni moja bibi akagusa ukuta wa kando ya kitanda, akaurudisha mkono haraka.

"Kuna mchu anaasha moto nyuma yetu," alisema kwa lafudhi yake ya visiwani, yaani mtu anawasha moto.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa uani kwa jirani. Tangu hapo sote tukawa wapelelezi. Mimi niliapa nimesikia harufu ya nywele zinazoungua. Jirani akileta mikate ya mofa, bibi alishukuru, kisha akawatupia kuku na kukaa kuwatazama. Kuku hawakufa. Bibi akasema sumu nyingine ni ya polepole.

Mwishowe akajitanda leso, akaingia uani kwa jirani wakati wa alasiri bila hodi, nami nyuma yake. Tulimkuta jirani amesimama, kiganja chake juu ya ukuta wetu, ndoo ya maji miguuni.

"Wafanya nini ukutani kwangu?" bibi aliuliza.

"Hilo ndilo nilitaka kukuuliza wewe, bi mkubwa. Mwawasha makaa mangapi humo ndani? Paa langu ni makuti. Mwataka kunichoma?"

Bibi akamwambia makaa yetu ni ya ubani tu, kidogo, asubuhi. Jirani akamwonyesha uani kwake: mchanga mtupu na paka mmoja aliyelala. Wakabaki wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aangushe macho. Jua lilikuwa likiwachoma shingo. Bibi akasogea kutafuta kivuli mahali ambapo siku zote kilikuwepo, asikione. Akainua uso. Upenu haukuwepo.

Ngoja nikueleze taratibu, ni jambo rahisi. Makuti yalikuwa yakiuvika ukuta kivuli. Mabati yaliuacha uchi. Jiwe nene hunywa jua la alasiri polepole, na halitapiki mpaka jioni, ndiyo maana lilichoma wakati jua limekwisha. Bati lenyewe halingoji, humwaga joto chini mchana kweupe. Na hewa ya moto hupanda juu ikitafuta pa kutokea, ikakuta matambara ya bibi.

Wale wawili hawakulisema hivyo. Jirani aliutazama tu ule mwanya ulivyozibwa, na nadhani alielewa umezibwa kwa ajili ya nani. "Kwangu pia jua laingia," alisema, "lakini joto lake lina njia ya kutokea. Yatoe matambara hayo, bi mkubwa. Ukitaka, sitakuja kumwona mtoto tena. Lakini yatoe."

Bibi alisita sana. Kisha akarudi ndani, akachukua upondo wa kusukumia mtumbwi, akaanza kuyachokoa. Jirani akatoa jamvi lake la kulalia, wakalitundika nje ya ukuta, yeye ncha hii, bibi ncha ile. Jioni ya kesho yake ukuta haukuchoma. Baada ya isha mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Bibi akamwita jirani aingie, akamkalisha mbali kidogo na kitanda, akamtaka aseme mashaallah kwanza. Jirani akaisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku akicheka. Na tambara moja, lile la juu ya kitanda, bibi hakulitoa.

Mtoto yule leo ni baba wa watu, yuko Ulaya, ananiambia huko huziba kila mwanya joto lisitoroke. Vita vilipoingia, jirani alikimbilia Kenya kwa mashua, na habari zake zilikatika. Makuti yake yameoza. Koyama siku hizi kila paa linaishia ukutani, na nyua nyingi hazina mtu wa kumshuku.

Nilimwambia mpangaji mwenzangu, nawe nakuambia: kama ukuta wako wa magharibi wachoma jioni, tundika jamvi upande wa nje, si wa ndani, kabla ya alasiri, na umwite jirani akushikie ncha ya pili.