Rangi ya Kucha ya Scola

Mimi Damasi sipendi kusemeshwa nikifunga taimingi ya injini ya pikipiki. Ninanyamaza, na mteja anyamaze. Nyumbani Nakwa nako miaka minne sasa hakuna wa kunisemesha, basi nimezoea. Mwongo mimi! Sijazoea hata kidogo.

Mke wangu Scola alikwenda kwao Mbulu kumzika shangazi yake. Wiki ya tatu akapiga simu: "Baba Rosa, usinisubiri." Rosa wetu alikuwa ameshaolewa Singida. Dirishani Scola aliacha kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Nikakipeleka gereji.

Kina kazi. Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini, ikishachongwa ili pikipiki ivute zaidi, alama za kiwandani hazikusaidii tena. Unapima mwenyewe, unatia nukta moja ya rangi kwenye jino la gia ya kamshafti na nyingine kwenye bodi ya injini pembeni yake, ili ukifunga mnyororo zitazamane. Ukikosea jino moja tu, valvu zinagongana na pistoni, na injini imekwisha habari yake.

Rangi ilipopungua nikaongeza thina. Ikapungua tena, nikaongeza thina. Mafundi wenzangu wakanicheka: "Fundi, hiyo si rangi, ni maji ya kunawa!" Nikawafukuza. Dukani kwa Faudhia, ng'ambo ya barabara, rangi zimejaa kabati zima. Lakini nilijiambia mtu hasahau kitu chake moja kwa moja. Siku akikikumbuka, akikute.

Juzi Aniceti akaniletea injini yake. Huyu anapandisha magunia ya mbaazi milimani, na pikipiki hiyo ndiyo inayolisha watoto wake watano. Nikatia nukta, nikafunga mnyororo, kisha nikazungusha injini taratibu kwa spana, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kupiga kiki. Ikagota. Nikarudisha, nikazungusha tena. Ikagota palepale.

"Vipi, fundi?" Aniceti akauliza.

"Nyamaza!"

Nikamulika tochi. Nukta yangu ilikuwa imefifia, haionekani. Niliyoifuata ilikuwa tone la gundi nyekundu ya gasketi, jino moja pembeni. Ningepiga kiki, ningewalaza njaa watoto wa watu, kisa mwanamke ambaye hata salamu hatumi. Niliona aibu. Machozi yakanitoka mbele ya mteja, mtu mzima mimi.

Nikavuka barabara.

"Shikamoo, Baba Rosa," Faudhia akasema.

"Marahaba. Nipe rangi ya kucha."

Uso wake ukachangamka. "Eh! Mama Rosa karudi?"

Miaka minne kila aliponiuliza hivyo nilimjibu, "Bado." Tayari mkono wake ulikuwa kwenye ile nyekundu.

"Harudi," nikasema. "Nipe nyeupe, hiyo nitaiona."