Boliti Zilizokazwa Juu ya Jeki

Mtaani walimwita Mwenyewe, na jina hilo hakusingiziwa. Bomba likivuja, atafunga mwenyewe. Bati likiezuliwa na upepo, atapanda mwenyewe, na miaka yake sitini na minne. Alikuwa fundi saa, akaacha kazi macho yalipoanza kumchezea, lakini mikono ilikataa kustaafu. Mkewe alishamzoea. "Wewe siku ukifa utajichimbia kaburi mwenyewe," alikuwa akimtania, na mzee hucheka mpaka miwani imdondoke.

Kumbe wa kutangulia ni huyo mke.

Ugonjwa ulimkaa mgongoni, ndani ya mifupa. Kila Jumanne ilibidi apelekwe hospitali kwa gari lao kuukuu, na njia yenyewe matuta matupu. Gari likishuka tuta linadunda mara tatu, linayumba, na mama wa watu anang'ata leso. Mwenyewe aliona yote hayo kwa jicho la pembeni, na roho ikawa inamuuma. Alitaka kitu kimoja tu: mkewe afike hospitali bila kuumia njiani.

Akaenda kwa fundi wa gereji ya kona, mtu wa makamo aliyewajua siku nyingi.

"Shokapu zimekufa, mzee, na bushi zimekwisha," fundi akasema akiwa chini ya gari. "Niachie siku moja tu, nakufungia zote."

"Niambie vya kununua. Nitafunga mwenyewe."

"Mzee, gari hili linabeba mgonjwa."

"Ndiyo maana sitaki mkono wa mtu mwingine."

Fundi alimfahamu, hakubishana. "Basi ukishaziingiza bushi, usikaze. Niite kwanza. Nitakuja kwa miguu, kazi ya dakika kumi."

Mwenyewe akaitikia. Aliitikia ili maneno yaishe, si vingine.

Kazi ilimchukua siku mbili uani. Mkewe alitolewa kiti, akakaa kwenye kivuli cha ukuta na bakuli la nati mapajani, amshikie zisipotee. Mzee akalipandisha gari kwa jeki, akafungua magurudumu, akabadilisha shokapu, zile zinazozuia gari lisidunde. Akachomoa na zile bushi, vipande vya mpira vinavyoshikilia mikono ya magurudumu, akaingiza mpya. Na hapo hapo, gari likiwa bado linaning'inia, akakaza kila boliti kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Fundi hakuitwa. Aitwe wa nini, na kazi imekwisha?

Jumanne wakatoka. Tuta la kwanza, la pili. "Unaonaje?" akauliza.

"Kama niko kitandani," mke akajibu. "Gari limetulia."

Na kweli halikuyumba tena. Yeye mwenyewe alilihisi gumu kidogo, akasema ni upya huo, litalainika. Wiki iliyofuata mke alitoka na mto, akaukalia.

"Umeanza uzee," mzee akamtania.

"Nimeanza kudeka."

Basi akafurahi, jamani, wiki kumi na moja nzima. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alisimuliwa habari za shokapu, na mke huongezea pale kitandani, "Amenifungia kwa mikono yake."

Wiki ya kumi na mbili hakukuwa na safari.

Miezi miwili baada ya mazishi gari likaanza kulia kila likigusa tuta. Binti yao, mtoto wao wa pekee, akamshika mkono baba yake wakalipeleka gereji. Mzee hakuwa na nguvu ya kukataa. Fundi akaingia chini na tochi, akamulika bushi moja moja.

"Bushi zimechanika, mzee. Zilikazwa gari likiwa juu."

"Ubaya wake nini?"

"Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unashika mkao ule ule. Ukilishusha gari, mpira unabaki umejisokota, na kila tuta unashindana nalo. Hukazwa gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake."

"Aliyekaa ndani angesikia?"

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena. "Mtu mzima wa afya angesema gari gumu tu." Mgonjwa hakumtaja.

Mzee akamgeukia bintiye. Binti alikuwa anatazama chini.

"Ulijua?"

"Mama aliniambia anaumia kuliko mwanzo. Nikataka kukwambia, baba, akaniapisha. Alisema, 'Mwache baba yako. Ugonjwa wangu umemshinda kuutengeneza. Gari angalau aone ameliweza.'"

Fundi akafunga bushi nyingine, akalishusha gari mpaka likasimama sawasawa, ndipo akakaza. Mzee alikuwa anatazama saa yake ya mkononi. Kukaza kulichukua dakika kumi, hazikuzidi.

Wakarudi kwa njia ya hospitali, kwa kuwa mzee ndiye aliyekata kona kuielekea. Binti alikaa nyuma, maana kiti cha mbele bado kilikuwa na ule mto na hakuna aliyethubutu kuuondoa. Kwenye tuta la kwanza gari likapanda, likashuka taratibu, mto haukutikisika. Mzee akasimamisha gari kando ya barabara, akaweka kiganja juu ya mto, akalia kwa sauti bila kumwonea haya mwanawe.

"Ungesema tu, mke wangu," akasema. "Ningemwita fundi."