Saba, Tatu, Tisa, Tatu

Mwaka aliotimiza miaka themanini, Orest Bilinski alijiwekea sharti: siku namba yake itakapomshinda, hataendesha gari tena. Hakumwambia mtu. Mkewe Stefka alijua tu, maana kwenye nyumba ya watu wawili huko Saskatchewan, theluji ikishaziba njia, hakuna cha kufichana.

Namba yenyewe ni 73939133. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukifuta tarakimu ya mwisho, inayobaki nayo ni tasa. Futa nyingine, bado ni tasa, hadi ibaki saba peke yake. Hakuna namba ndefu zaidi yenye tabia hiyo. Orest, aliyepima ngano ya watu ghalani maisha yake yote, aliipenda kama wengine wanavyopenda farasi. Kila asubuhi alichukua kipande chake, 7393, akakigawanya kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, akiandika kwa ukucha kwenye barafu ya kioo cha dirisha. Kila mara kilibaki kitu. Ndipo alipochukua ufunguo wa gari.

Asubuhi hiyo ya Januari Stefka alikuwa akivaa buti. Figo zake zimechoka; asipofika mjini kusafishwa damu, mwendo wa saa nzima, maji hujaa mapafuni. Akamwona mumewe amesimama dirishani, kidole hewani.

"Imegawanyika," Orest alisema. "Kwa saba. Mwishoni nilibakiwa na arobaini na tatu. Saba mara sita, arobaini na tatu, haibaki kitu."

"Arobaini na mbili, mzee."

"Sasa najua. Wakati ule sikujua."

Stefka aliitazama ile barafu iliyokwaruzwa. Orest aliiwaza barabara, kona ya reli, taa nyekundu. Ikiwa saba mara sita imemtoroka, kesho kitatoroka nini?

"Nimpigie jirani, Petro, akupeleke?" Orest aliuliza.

"Petro yuko Arizona, anaota jua kama mjusi. Lete ufunguo."

"Wewe? Tangu lini?"

"Lori la ngano nililiendesha kabla hujaanza kuninyemelea."

"Enzi za Nuhu hizo, mama!"

"Leseni ninayo. Ulidhani naitunza kwa ajili ya picha?"

Stefka akakaa nyuma ya usukani. Injini ikakohoa, ikawaka. Gari likasogea.

"Waya! Stefka, waya!"

Waya wa umeme, uliopasha injini joto usiku kucha, ulikuwa umekwishainuka kutoka kwenye theluji, umekaza kati ya gari na ukuta. Stefka akakanyaga breki. Orest akashuka, akauchomoa, akaukunja polepole, akarudi kukaa.

"Umeona?" Stefka alisema. "Nani angeniambia?"

Orest alisogea mbele kitini, akaikodolea macho barabara.

"Kona ya reli inakuja," alisema. "Punguza. Punguza zaidi."