Moyo Uliopiga Taratibu

Nyie vijana mtakaosoma haya, kwetu Itaka mimba changa haitajwi. Mwanamke hunyamaza mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Ikitoka kabla ya hapo, analia peke yake, na kukicha anabeba ndoo kwenda kuchuma kahawa kama wenzake. Mimi nimelelewa hivyo.

Mwaka huu mkamwana wangu aliona damu kidogo, akaniambia. Nikampeleka hospitali Vwawa, kwenye ultrasaundi. Daktari, binti mdogo tu, akatuonyesha kwenye kioo kitu kama punje, kinachezacheza.

"Huo ni moyo, bibi. Unapiga, ila taratibu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake."

"Taratibu maana yake nini? Sema wazi."

"Mimba iko hatarini kutoka. Inaweza ikashika, lakini moyo wa hivi mara nyingi husimama. Rudini wiki ijayo tuangalie tena."

"Na dawa?"

"Ya kuuharakisha hakuna."

Nilimpenda kwa hilo. Hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nyumbani binti yangu akamtania wifi yake, "Huyo kamfuata baba yake. Kaka yangu kila kitu taratibu, hata kuoa tulimsukuma."

Mkamwana akatabasamu, mara ya kwanza tangu Vwawa. Mwanangu hakucheka. Akaingia jikoni, akakaanga kahawa yetu wenyewe, akaitwanga, akaipika nyeusi tii. Kahawa inakimbiza moyo, kila mkulima wa huku anajua. Nikakuta mkewe keshapokea kikombe, hajanywa.

"Mama, labda itamfikia mtoto."

"Itamfikia mkeo, akeshe macho. Lete hapa."

Nikaimwaga nje. Sikumgombeza zaidi.

Wiki ikafika, tukarudi watatu, safari hii na mwanangu. Kile kilichokuwa kinacheza kwenye kioo kilikuwa kimetulia. Mkamwana akauliza, "Ni yale magunia ya kahawa niliyobeba?"

"Hapana, dada. Hukukosea kitu. Mara nyingi mimba huwa haikujiumba vizuri tangu mwanzo."

Nikamwambia daktari arudie, mwanangu naye asikie vizuri. Akarudia.

Wapo wanaosema kipimo kisichoponya ni kupoteza nauli. Wanakosea. Kile kilitupa wiki nzima ya kumshika mkono kabla hajaanguka. Bila hicho angelia peke yake, kama tulivyolia sisi.

Jioni nikawaita wote sebuleni. Binti yangu akakumbusha kwamba kahawa imeiva, kesho tuwahi shamba.

"Kesho hakuna anayekwenda kuchuma," nikasema. "Ikidondoka, idondoke. Wewe utapika. Wewe utakaa na mkeo. Na jirani akija kuuliza mbona tumekaa, msimfiche. Mwambieni tumefiwa."