Kaya ya Watu Wanne

Harufu ya turubai lililochomwa na jua, ikichanganyika na moshi wa dizeli na michembe ya viazi vikavu iliyopikwa kwa karanga, ndiyo iliyonitoa kijijini kwetu Kolandoto kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa tisa. Pamba ilikuwa imeshauzwa, mbuga za udongo mweusi zimepasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na parokia yetu ilikuwa imekodi Fuso la kutupeleka hija kwenye kilima cha msalaba, ng'ambo ya Ushirombo. Tulipanda alfajiri, watu kama arobaini, tukakalia magunia ya viazi na mikeka iliyokunjwa. Dereva alikuwa Mha kutoka Kasulu, na Waha na sisi Wasukuma hatuwezi kukaa dakika kumi bila kutaniana. Kabla hata hajawasha gari alituchungulia kupitia mbao za bodi akasema, "Nyie Wasukuma mnakwenda kupanda mlima! Mkifika juu mtaniuliza ng'ombe watapitia wapi." Akina mama wakamjibu kwa pamoja kwamba yeye aendeshe tu, samaki wake wa migebuka watamsubiri kwao. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na huzuni.

Huzuni yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu tu. Baba alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa bado tumboni, na mama akamfuata mwezi wa sita wa mwaka ule ninaousimulia. Mimi, Kabula, nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Chini yangu walikuwepo mapacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, wenye miaka tisa, kisha Shija aliyekuwa na minne. Kwetu mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, kwa hiyo mtu akiyasikia majina yetu alijua nani anamfuata nani bila kuuliza. Aliyetupeleka hija alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye watu walimwita Mama Maige. Alikuwa mjane mwenye watoto watano wa kwake, mwembamba, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuamrisha. Alisema tunakwenda kumwombea mama. Nilimwamini, na hata leo naamini hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote.

Tuliposimama Tinde kununua maji, alinituma nimtolee kikombe kwenye mizigo. Nikakuta nguo zetu hazikufungwa pamoja. Palikuwa na furushi la Kulwa peke yake, na furushi la Doto peke yake, kila moja limefungwa kwa khanga tofauti na kukazwa mafundo mawili. Katika la Doto nikapapasa nikagusa madaftari yake ya shule na sweta. Safari ya siku tatu, madaftari ya nini? Nikabaki nimechuchumaa na kikombe mkononi. Nilipomuuliza hakunificha. Alinivuta pembeni ya tairi akaniambia kwamba ukoo ulikaa wiki mbili zilizopita. Wakati wa kurudi, Kulwa atashuka Masumbwe kwa Shangazi Mdogo, aliyekuwa na kitoto kichanga na biashara ya chakula kwa wachimbaji. Doto atashuka Kahama kwa Baba Mdogo, mwenye duka la spea za baiskeli. Mimi na Shija tutakaa kwake. "Mwaka huu hata mtama haukutoka," alisema. "Nikiwachukua wote wanne nitawalisha nini, Kabula? Niambie wewe unayesoma." Nilimpa kikombe chake, tukapanda gari.

Kutoka pale barabara ilianza kunionyesha mambo ambayo siku nyingine ningeyashangilia. Tulipita Isaka, tukaona mabehewa ya treni yamelala kwenye reli kama ng'ombe waliochoka. Vumbi la moramu lilitupaka wote rangi moja, wazee kwa watoto, hata Shija akamwuliza Kulwa kwa nini na yeye amezeeka. Kahama tulishuka kula kwa Baba Mdogo. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mikono imekolea grisi, na nyumba yake ilikuwa na bati na saruji. Alimwita Doto dukani, akampa kengele ya baiskeli aipige, na Doto aliipiga mpaka wateja wakaziba masikio. Sijawahi kumwona mdogo wangu amefurahi hivyo tangu mama alazwe hospitalini. Baba Mdogo alicheka akamwambia mkewe, "Huyu atanifaa. Na shule iko hapo nyuma tu." Niliusogeza ugali wangu upande wa Shija.

Baada ya Kahama ile nchi tuliyoizoea, tambarare, nyeusi, ambako unaweza kumwona mbwa wako akikukimbia tangu asubuhi hadi jioni, ilishindwa njiani ikabaki nyuma. Miombo ilitukaribia pande zote mbili. Hewa ikapoa, ikawa na harufu ya asali na majani mabichi ingawa mvua ilikuwa bado, na watu kando ya barabara waliuza asali kwenye chupa na uyoga uliokaushwa. Masumbwe tulifika alasiri. Vijana walipita wakisukuma baiskeli zilizobeba viroba vya mawe ya dhahabu, weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, wakitukanana kwa furaha. Shangazi Mdogo alitoka kwenye kibanda chake akifuta mikono. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwa Kulwa. Alimgeuza, akampapasa mabega, kisha papo hapo akambebesha kile kichanga mgongoni, kama mtu anayejaribu kiatu sokoni aone kama kinatosha. Kulwa, asiyejua kitu, alianza kukibembeleza na kukiimbia.

Tulipopanda tena Fuso, bibi mmoja wa kijijini kwetu, Bibi Ng'washi, ambaye alikuwa ameona yote, alimgeukia Shangazi. "Mama Maige, mapacha unawapeleka miji miwili? Mapacha hawatenganishwi."

"Bibi, hayo ni ya zamani. Sisi ni watu wa kanisa."

"Kanisa limekwambia uwatenganishe?"

Akina mama wakacheka, Shangazi akavuta khanga yake usoni kukinga vumbi. Hakuishusha mpaka Ushirombo.

Tulilala kwenye uwanja wa misheni chini ya kilima, na asubuhi, jua likiwa bado halijaukausha umande, tukapanga mstari. Kwa mtoto wa mbugani kilima kile kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Mawe makubwa yalipandana, miombo imeota katikati yake, njia inajikunja mpaka kwenye msalaba wa mbao uliokuwa umepauka. Hija ile ilikuwa na desturi yake. Watu hawakupanda mmoja mmoja. Walipanda kwa kaya, na kila kaya ilishika kitenge kimoja, mkuu wa kaya mbele, mdogo nyuma yake, hadi wa mwisho. Kabla ya kupanda, mkuu alitaja kaya yake kwa sauti na idadi ya watu wake, na umati wote ukaitikia, "Tumesikia." Lililosemwa pale chini halikubadilishwa wakati wa kushuka. Watu walipatanishwa hivyo. Wake walioachwa walirudishwa hivyo, na mzee mmoja aliyemkana mwanawe mlevi alimtaja pale akilia, akaondoka naye.

Katekista aliyesimamia mstari alikuwa kijana mwenye kipaza sauti cha betri na haraka nyingi. Ilipofika zamu yetu, Shangazi alikuwa ameshika kitenge chake peke yake. Sisi wanne tulisimama kando yake, mikono mitupu.

"Mama, hawa watoto ni wa kaya gani?"

"Ni watoto wa marehemu kaka yangu."

"Pole sana, Mama. Sasa wako kaya gani? Wapande kwa nani?"

Leo naelewa Shangazi alivyobanwa. Angesema "kaya yangu," angekuwa ametuchukua wote wanne mbele ya msalaba na mbele ya parokia nzima, na hakuwa na chakula chetu. Angetaja kaya tatu, angekuwa anawagawa mapacha kwa kipaza sauti, Bibi Ng'washi akimsikiliza. Alibaki akikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba jua linapanda.

Nilikuwa nimejifunga kiunoni kitenge cha mama, cha bluu, kilichochakaa pindoni. Sikufikiri. Nilikifungua, nikashika ncha moja, Kulwa, Doto na Shija wakashika nyuma yangu, nikasema, "Kaya ya Kabula. Watu wanne."

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya. Katekista naye alicheka, akasahau kuzima kipaza sauti.

"Mkuu wa kaya ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Ana nyumba?"

"Nyumba ya mama ipo."

"Ana jembe?"

"Mawili."

"Ana majembe mawili!" Bibi Ng'washi alipaza sauti kutoka nyuma. "Wewe kijana wa kanisa una mangapi? Waitikie watoto, jua linatuchoma."

Katekista alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama chini, kwenye magoti yake. Ndipo umati ukaitikia, sauti za watu wa Ushirombo, Masumbwe, Kahama na kwetu zikiwa moja: "Tumesikia." Tulipanda. Shija alichoka katikati nikamweka mgongoni, lakini mkono wake mmoja uliendelea kushika kitenge, kwa sababu Doto alimwambia akikiachia atageuka mpita njia. Huko juu tulimwombea mama. Niliona nchi imelala chini, kijani na kijivu, sikuujua mwisho wake, na kwa mara ya kwanza nikaogopa nilichokisema.

Wakati wa kurudi, Shangazi Mdogo alikuwa amesimama kando ya barabara Masumbwe na khanga ya kumbebea mtoto begani. Dereva alipunguza mwendo. Shangazi aliinuka, akashika bomba la turubai, akamwambia Shangazi Mdogo, "Kaya imeshasemwa, mdogo wangu. Siwezi." Wakatupiana maneno ya Kisukuma makali, gari likaondoka. Kahama hatukushuka hata kunywa maji. Baba Mdogo alitupungia mkono mlangoni pa duka, Doto akampungia naye, akimwuliza Kulwa kama tutapita tena.

Sikurudi shuleni. Mwalimu alikuja mara mbili, mara ya tatu hakuja. Nililima kwa majembe yale mawili, Shangazi akituletea debe la mtama alipoweza, naye alipoweza ilikuwa mara nyingi kuliko alivyoahidi. Nilipofikisha miaka kumi na minane tulihamia Masumbwe wote wanne, nikapika kwa wachimbaji miaka mingi, katika kibanda jirani na cha Shangazi Mdogo yule yule, ambaye alinisamehe pale nilipomfundisha binti yake kusonga ugali wa watu sitini. Hatukulala njaa sana. Hatukulala mbalimbali hata siku moja, mpaka kila mmoja alipoondoka kwa miguu yake. Kulwa aliolewa Geita. Shija ni mwalimu Bariadi. Doto ni fundi wa makarasha ya kusagia mawe, mmoja wa wanaotafutwa sana.

Mwaka huu tulirudi kwenye kile kilima, wote wanne, kwa gari dogo la Doto. Barabara ni lami tupu. Safari iliyotuchukua siku nzima iliisha kabla hatujamaliza karanga, na hakuna vumbi la kumzeesha mtu. Kilima kina ngazi za saruji, msalaba ni wa chuma, na soda zinauzwa nusu ya njia. Watu hupanda kila mmoja kivyake, simu mkononi, wakijipiga picha. Nilimwuliza msichana aliyeuza mishumaa kuhusu desturi ya kutaja kaya. Hakuwahi kuisikia. Alisema labda ni ya parokia nyingine.

Tulipokaribia Kahama kwenye kurudi, Doto, akiendesha, alisema bila kunitazama, "Dada, watoto wa Baba Mdogo wote walisoma. Mmoja ni mhandisi. Anakuja mgodini, ananionyesha mashine ambazo mimi nazijua kuliko yeye, na mimi namwita bosi."

"Najua," nilimwambia.

"Silaumu."

"Najua, Doto."

Kulwa aliinama kutoka kiti cha nyuma. "Ungesoma, ndiyo. Halafu ungekuja Masumbwe kunisalimia kama mgeni, umevaa tai, nikupe kiti cha plastiki."

Doto alicheka, na Shija akacheka, na mimi nikacheka nao, lakini niliona kicheko cha Doto kimeisha kabla ya chetu. Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Watu hunisifu. Huniita mama wa wadogo zake, na kanisani hunitaja kama mfano. Hakuna anayeniuliza kuhusu yule mtoto wa miaka tisa aliyekuwa amesimama nyuma ya Kulwa, ameshika kitenge, ambaye jana yake alikuwa amepiga kengele dukani na kucheka. Nilimtaja kuwa wangu mbele ya watu wote, na wote wakaitikia. Yeye hakuulizwa.

Kama ningesimamishwa leo chini ya kilima, na nyuma yangu watu wananung'unika juu ya jua, ningetaja kaya ile ile, watu wale wale wanne. Lakini ningegeuka kwanza nimwulize Doto.