Aliyenionjea Sandwichi

Wamarekani, ukiwaachia, watatia dunia nzima katikati ya vipande viwili vya mkate. Nasema hivyo kwa hasira za mtu aliyewakatia sandwichi miaka kadhaa, katika mgahawa wa Kimarekani ndani ya hoteli moja pale Al Garhoud, huku Uarabuni. Kwetu Tanga mkate ni mkate: unapaka siagi, unashushia chai, umemaliza. Wao kila mji una sandwichi yake, na kila mtu anaapa kwamba ya kwao ndiyo ya kweli. Kuna ya nyama iliyokatwa nyembamba na jibini la kuyeyuka. Kuna ya kabichi chachu. Kuna ya ghorofa tatu inayochomekwa vijiti isianguke, na kuna ya siagi ya karanga na jamu, ambayo nilidhani ni ya watoto mpaka nilipomwona mzee mwenye mvi akiila huku amefumba macho. Bekoni yetu ilikuwa ya bata mzinga, na hakukosekana mgeni wa kuinung'unikia.

Mpishi mkuu hakutaka mchezo. Sosi zote nilichanganya mimi asubuhi, na kila moja lazima ionjwe. Tena sandwichi, alisema, haionjwi kwa kijiko. Uing'ate, mkate na vyote vilivyomo, ndipo ujue imekaa sawa. Haya, siku za kawaida hewala. Ramadhani je?

Najua wapo wasemao mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Mimi nililelewa na bibi aliyepika futari mwezi mzima bila kuonja, na nikaona nami nitaweza. Jamani! Bibi hakuwahi kuchanganya haradali, sukari, siki na matango ya chupa kwenye bakuli moja. Siku ya kwanza tu sandwichi mbili zilirudishwa.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumba kule Al Nahda, Mkenya wa Nakuru, Mkristo, mhudumu wa meza palepale mgahawani. Nilikuwa nakata kona ya sandwichi, yeye anapita nyuma ya friji, anaing'ata, anatazama dari kama hakimu.

"Aki hii siki umemwaga. Punguza, mtu wa Tanga."

Napunguza. Anaonja tena, anarudi kwenye meza zake. Chumbani hakuwahi kula mbele yangu mchana, ingawa nilimwambia hainisumbui.

Kule Nakuru alikuwa na binti aliyemwacha kwa mama yake angali anatambaa. Sasa yuko chekechea, na mshahara wa hapa ndio uliowalisha wote wawili. Likizo yake ya kwanza ilikuwa imekubaliwa: aende baada ya Idi, akamwone mtoto, arudi kazini. Kila akivua viatu alinieleza atakavyofika. Hatamkimbilia, asije akamwogopa. Atachuchumaa mlangoni asubiri aitwe mama.

Ramadhani ilikuwa inakaribia kwisha meneja alipomwita. Hotelini kwetu mfanyakazi akila chakula cha mgeni ni mwizi, hakuna jina jingine, na kamera ya jikoni ilikuwa imemnasa siku baada ya siku, nyuma ya friji, anatafuna. Sisi wawili, wajinga wa Mungu, hatukufikiria kumwomba mtu ruhusa. Kwetu kumwonjea aliyefunga si jambo la kuombea ruhusa.

Niliposikia niliingia ofisini na aproni yangu.

"Sir, mimi ndiye ninayempa. Nimefunga. Ananionjea."

Meneja naye alikuwa amefunga, midomo imemkauka kama yangu, nikadhani huyu atanielewa. Akanitazama kwa upole kabisa.

"Dada yangu, swaumu ni yako. Chakula ni cha hoteli. Khalas."

Nilipandwa na hasira, wallahi. Nikamwambia basi nifukuzeni na mimi. Akasema rudi jikoni, kuna oda zinasubiri. Mpishi mkuu alikuwa amesimama pembeni, akanishika bega akanitoa. Niliogopea kazi yangu pia, nikaenda. Nikakata sandwichi mpaka jioni na sikumbuki hata moja.

Visa yake ilifutwa. Siku ya kuondoka, gari la kampuni lilimpitisha mlango wa nyuma wa hoteli arudishe sare na kadi. Ilikuwa alasiri, joto halisemeki. Nilitoka nikamkuta amesimama kando ya sanduku lake.

"Mama anadhani ni likizo," akaniambia. "Wamemshonea mtoto gauni. Nitawaambia nini wakiniuliza narudi lini?"

Nikageuza uso ukutani. Akanishika mkono haraka.

"Wee, usilie. Utavunja swaumu yako."

"Machozi hayavunji swaumu."

Alinitazama, kama anayehakikisha simdanganyi.

"Basi lia," akasema.