Mshale Uliopotea Shambani kwa Mama Kanze

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka nyumbani na mishale saba nikarudi na sita, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikukumbuka hata kuihesabu. Ilikuwa miaka ya themanini, huku kwetu Magarini, mwaka ambao mvua ilikuja vizuri na nguruwe mwitu wakaja vizuri zaidi. Mtu alilala akiwa na mahindi yaliyoanza kubeba, akaamka akiwa na uwanja uliofukuliwa. Nguruwe hana adabu ya kula akashiba akaondoka. Akitaka hindi moja huangusha mstari mzima, na mihogo huichimbua akaiuma kidogo na kuiacha pale ikioza. Watu walipiga madebe mpaka mikono ikauma.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nina uta wa marehemu baba yangu, na shabaha ninayo. Tena nilijua kuwa ninayo, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Kijana akisifiwa kwa jambo moja huanza kutoa amri katika mambo yote. Mke wangu atakwambia ugonjwa huo haujaniisha, lakini yeye hunionea.

Uwindaji wenyewe serikali ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku, lakini kwa nguruwe wa shambani mzee wa kijiji alijifanya haoni. Mishale yetu ilikuwa ya sumu. Nyumbani tuliitunza juu ya dari, vichwa vyake vimefungwa ngozi, na hakuna aliyeigusa ila mwenyewe. Sumu ile haikuhitaji jeraha kubwa. Mkwaruzo mdogo ulitosha, na ikishampata mtu, hospitali ilikuwa mbali sana. Kwa hiyo baba alinifundisha jambo moja kabla hajanifundisha kulenga, kwamba mshale ukishatoka kwenye uta huutafuti kesho. Unautafuta hapo hapo, kabla hujamwangalia hata mnyama uliyemwangusha. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Basi shamba lililoharibiwa zaidi mwaka ule lilikuwa la Mama Kanze. Alikuwa mjane, ana watoto wanne, na Kanze ndiye mkubwa wao. Nasema lilikuwa lake, lakini wewe umezaliwa pwani hii na unajua mambo yetu yalivyo. Ardhi ni ya mmoja, minazi pengine ya mwingine, na mahindi yaliyo chini ya minazi ni ya mtu wa tatu. Ardhi ile na minazi yake ilikuwa ya Mzee Salim, aliyekaa Malindi mjini. Mama Kanze alilima hapo kwa idhini yake, kama marehemu mumewe alivyolima.

Sikuwa mtu wa kuingia kwenye mali ya watu bila kuomba, usinifikirie vibaya. Nilivaa shati langu la heshima, nikapanda basi mpaka Malindi, nikamkuta Mzee Salim barazani kwake baada ya swala ya alasiri.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako. Huko mashambani hamjambo?”

Nikamweleza habari za nguruwe na nikamwomba ruhusa nikawapige katika ardhi yake. Alifurahi kweli kweli. “Niondolee balaa hilo,” akasema. “Hata miche yangu ya minazi wamenifukulia. Rukhsa unayo, na Mungu akusaidie.” Nikapewa kahawa na kipande cha halua, nikarudi nimevimba kichwa.

Njia ya kwangu inapita mbele ya nyumba ya Mama Kanze. Jioni ile nilimwona jikoni akichochea moto, na ingenichukua dakika tano kukata kona nikamwambia, mama, kesho alfajiri nitakuwa shambani kwako na mishale. Sikukata kona. Nilijiambia nimekwisha zungumza na mwenye ardhi, sasa huyu mlimaji tu nimuulize nini? Nakuambia neno hilo nililolisema moyoni jinsi lilivyokuwa, nisijipambe mbele yako. Nilimwona mama yule kama sehemu ya shamba.

Alfajiri nikaingia. Kulipopambazuka wakatokea nguruwe watatu, wanene, wakitembea kama wapangaji waliolipa kodi. Nikaachia mshale wa kwanza, dume kubwa likaanguka kwenye mpaka. Wale wawili wakakimbilia katikati ya mahindi, nami nikaachia wa pili, mahindi yakatikisika, kisha kimya. Nilijua nimekosa. Na nilijua nilipaswa kwenda pale pale kuutafuta. Lakini dume lile lilikuwa kubwa, mwanangu! Nilikimbilia kulitazama, nikapiga ukelele, vijana wenzangu wakaja, tukalibeba kwa mti kulipeleka kwetu. Nilisimulia shabaha yangu njia nzima. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha kuisimulia mara tatu, na kila mara nguruwe aliongezeka mwili.

Ilikuwa alasiri, sehemu iliyoguswa na sumu imekatwa ikatupwa na nyama iliyobaki imekwisha gawanywa, nilipokaa uani kufunga mishale yangu ngozi. Ule uliomuua dume nilikuwa nimeuchomoa na kuusafisha. Nikahesabu sita. Nikahesabu tena, nikatikisa podo kana kwamba wa saba ungedondoka.

Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, na kosa hili linaniuma kuliko lile la kwanza. Nilipokuwa nimekaa vile, Mama Kanze akapita njiani na kikapu mkononi. Ilikuwa saa yake ya kwenda shambani kuchuma mboga za usiku. Akasimama akanisalimia, akanipongeza kwa yule nguruwe, maana habari ilikuwa imemfikia na hata fungu lake la nyama lilikuwa limepelekwa. “Asante, mwanangu,” akaniambia. “Angalau leo nitachuma kwa amani.”

Nami nikamjibu, “Haya, mama.” Nikamwacha aende.

Unaona? Ulimi ulikuwapo, na mama alikuwa mbele yangu hatua tatu. Kumwambia kulimaanisha kukiri kwamba niliingia kwake bila kumjulisha, kwamba nilikosa shabaha, na kwamba niliacha sumu mahindini nikaenda kushangiliwa. Nikahesabu aibu hizo zote na nikaziona nzito. Nikajiambia mshale bila shaka umechoma chini mbali huko, kesho nitakwenda mapema niutafute polepole. Nilijiambia hivyo mpaka mgongo wake ukapotea kwenye kona. Kisha nikaiona miguu yake akilini, maana alikuwa anakwenda peku, na nikakurupuka.

Sijapata kukimbia vile. Nilimkuta ameshaingia mstari wa kwanza, ameinama, kikapu kiko kando.

“Mama! Usiende mbele! Simama hapo hapo!”

Akainuka. “Kuna nini?”

Nami, badala ya kusema kweli, nikasema, “Kuna nyoka.”

Mama Kanze hakutishika hata kidogo. “Nyoka yuko wapi? Nionyeshe nimpige,” akasema, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mnazi na kuanza kupiga hatua kuelekea nilikokuwa nikikodoa macho. Nikamshika kanga yake, kitu ambacho kijana wa kwetu hamfanyii mwanamke wa rika la mama yake. Akageuka kunitazama, akaona uso wangu, akajua kuwa hapana nyoka.

“Sema,” akaniambia.

Nikasema yote. Nilisema nikiwa nimeinamisha kichwa, kuanzia Malindi mpaka kwenye ule uongo. Nilitarajia matusi, na kwa kweli ningeyapenda, kwa kuwa matusi yakishatoka huisha.

“Ulikwenda hadi Malindi kumuomba Mzee Salim,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Mzee Salim mara ya mwisho kukanyaga hapa Kanze hajazaliwa. Anajua nachuma wapi? Anajua watoto wangu wakitoka shule hukatiza wapi?” Akanyoosha viganja vyake mbele yangu. Vilikuwa vimepasuka kwa jembe, na vidole vina mikwaruzo mibichi ya majani ya mahindi. “Tazama mikono hii. Mikono hii ndiyo uliyopaswa kuiomba ruhusa.”

Nililia, mwanangu. Sina sababu ya kukuficha.

Aliwaita watoto wake kwa sauti, akawaweka wote njiani na kuwakataza wasiingize mguu shambani. Mimi nikataka kuwaita vijana wenzangu wanisaidie kutafuta, akakataa. “Sumu ni yako, utaitafuta wewe. Sitaki mtoto wa mtu mwingine ajichome kwa sababu yako.” Akakaa kwenye kisiki akinielekeza. Alilijua shamba lile kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Nenda hapo, kuna mihogo midogo, usiivunje. Sogea kushoto, hapo pana kunde. Inua jani kwa fimbo, usitumie mkono. Jua lilikuwa linashuka, nami natambaa na fimbo, nikihofia kukosa kuuona kabla ya giza.

Niliuona kwenye maboga. Ulikuwa umegonga bua la hindi, ukateleza, ukalala chini ya majani mapana, kichwa kimeinuka kidogo kuelekea juu. Nilipomwambia mahali ulipo, Mama Kanze alisimama. Alitembea taratibu kwenye mstari mpaka akafika karibu, akaangalia, kisha akashika mdomo. Majani ya maboga ndiyo mboga aliyokuwa amekuja kuchuma. Na majani ya maboga hayachumwi kwa kuangalia, mwanangu. Mkono huingizwa chini, ukapapasa ukitafuta machipukizi laini.

Hakuchuma mboga siku ile. Walikula nyama ya nguruwe wangu, na mimi nyumbani kwangu ilinishinda kumeza.

Kesho yake nilikwenda kwake na wazee wawili kuomba radhi, tukiwa na kibuyu cha tembo la mnazi kama ilivyo desturi. Alipokea radhi, lakini kibuyu akawarudishia wazee wakanywe wenyewe. “Mimi sinywi,” akasema. “Huyu nipeni kwa siku tatu. Nina palizi.” Wazee wakacheka, wakanikabidhi.

Nikapalilia siku tatu pamoja naye na Kanze, nimeinama mgongo mpaka nikasahau kusimama. Na katika siku tatu hizo nililiona shamba ambalo sikuliona nilipokuwa na uta mkononi. Niliona mahali mama mkwe wake mzee huja kukaa kuota jua la asubuhi. Niliona kinjia cha watoto, na shimo ambamo mdogo wao huficha vifuu vyake vya kuchezea. Mahali nilipolenga mshale wa pili palikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kinjia kile. Mama Kanze hakunionyesha kwa kidole. Aliniacha nipalilie mpaka nikafika.

Nilipopata nafasi nilikwenda Malindi kumweleza Mzee Salim, nikidhani labda atanitetea kwa kuwa yeye ndiye aliyeniruhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Mwanangu, mimi nilikupa rukhsa ya ardhi na minazi yangu. Mahindi si yangu, na roho za watu si zangu. Nilidhani mambo hayo wayajua.” Hakuniletea halua siku hiyo.

Lakini usidhani kisa hiki kiliisha kwa huzuni. Palizi ilipokwisha, Mama Kanze mwenyewe ndiye aliyenituma nilete uta. Tulikubaliana siku na saa, akawaweka watoto ndani, akanionyesha upande wa kusimama na upande nisiothubutu kuulenga. Nilimpigia nguruwe kwa misimu mitatu, na mavuno yake yakawa mazuri hata akauza ziada sokoni. Nilipooa alicheza ngoma mpaka kanga ikamwanguka. Alikufa mzima wa akili, ameona wajukuu, na mimi ni mmoja wa waliombeba. Ninapofikiria kwamba miaka yote ile angeweza kuikosa kwa sababu niliona uvivu wa kukata kona, humshukuru Mungu kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Sasa wewe umekuja kuniambia kwamba nyani na nguruwe wamekithiri kule mnakolima, na kwamba umezungumza kwa simu na mwenye ardhi aliye Mombasa, naye amekukubalia. Vyema. Kumuomba ni haki yake, wala usiache. Lakini hiyo ni nusu ya ruhusa. Ulizia ni nani anayelima pale, ni nani anayechuma, ni mtoto gani hupita hapo akienda kuteka maji. Wafuate hao majumbani kwao, ukae, usalimie vizuri, uwaambie siku na saa, uwaache wakuonyeshe mahali pa kusimama. Akikataa hata mmoja wao, rudi nyumbani na usinune, maana huenda anajua jambo usilolijua. Na ukipoteza kitu cha hatari katika shamba la mtu, sema dakika hiyo hiyo. Utaona aibu, ndiyo. Mimi niliiona, na bado nipo hapa nakula na kucheka. Aibu haijamzika mtu kwetu, lakini kunyamaza kungemzika Mama Kanze.

Mungu akupe shabaha, mwanangu, na akupe macho ya kuwaona watu kabla hujaiona mali yao. Asikufanye kamwe kuwa sababu ya kilio katika nyumba ya mtu. Kila utakapobisha hodi, ufunguliwe kwa furaha. Nenda na baraka zangu, na uende sasa hivi, jua lingali chini, ili umkute mama wa watu kabla hajaingia shambani.